Faili la Mipangilio: Mstari Huu ni wa Nani?

"Kaka, mbona rangi zimepotea?"

Aliyeniuliza ni kijana aliyekuwa anajifunza kutumia Vim, kihariri cha maandishi ambacho mtu anayefanya kazi kwenye seva za Linux ni vigumu kukikwepa. Nikamuuliza amegusa nini. "Sijagusa kitu kaka, nimeweka namba za mistari tu." Alikuwa ameunda faili jipya liitwalo `.vimrc` kwenye folda yake binafsi, akaandika ndani yake `set number`, akahifadhi. Alipofungua kazi yake tena, namba zilikuwepo kweli pembeni, ila msimbo wote ulikuwa wa rangi moja, na ile kona ya chini inayoonyesha uko mstari wa ngapi ilikuwa tupu.

Hakuwa amekosea. Tangu toleo la 8.0, lililotoka Septemba 2016, Vim isipokuta faili la mipangilio la mtumiaji husoma faili lake yenyewe, `defaults.vim`. Humo ndimo zinamowashwa rangi, kumbukumbu ya amri 200 zilizopita, utafutaji unaokuonyesha matokeo wakati bado unaandika, na mistari mitano ya akiba inayobaki juu na chini ya kishale. Siku mtumiaji anapounda `.vimrc`, hata likiwa tupu kabisa, Vim huchukulia kwamba mwenye nyumba ameingia, nayo huacha kulisoma lile la kwake. Dawa ni mstari mmoja unaowekwa juu kabisa: `source $VIMRUNTIME/defaults.vim`. Kijana akauandika, rangi zikarudi.

Wengi wetu hulichukulia faili la mipangilio kama kapu: ukikipenda kitu, unatupia ndani. Kumbe mstari wa kwanza tu unahamisha dhamana. Kabla yake, tabia ya programu ilikuwa juu ya walioitengeneza. Baada yake ni juu yako, pamoja na mambo ambayo hukuyataja. Ndiyo maana naona swali la "niweke nini?" limepewa nafasi kubwa kuliko linavyostahili. Swali lenye uzito ni jingine: kila mstari uliomo ni wa nani, na ukileta shida nani ataujibia?

Desturi yenyewe ni ya zamani. Bill Joy aliandika vi, mzazi wa Vim, mwaka 1976 akiwa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, na vi ilisoma mipangilio ya mtu kutoka faili la `.exrc`. Herufi hizo mbili za mwisho zimetokana na "runcom", jina la mafaili ya amri katika mfumo wa CTSS uliotumika MIT miaka ya 1960. Nukta ya mwanzo nayo ina asili yake, aliyoisimulia mhandisi wa programu Rob Pike mwaka 2012. Katika siku za mwanzo za Unix, kila folda ilikuwa na alama mbili, nukta moja na nukta mbili, na wenyewe hawakutaka zionekane kwenye orodha. Aliyeandika kipimo cha kuzificha alikagua herufi ya kwanza pekee. Basi kila faili lenye jina linaloanzia na nukta likafichika, bila mtu kukaa na kuamua iwe hivyo. Athari yake tunaishi nayo: faili linalotawala kazi yetu ya kila siku ndilo tusiloliona tunapofungua folda. Kisichoonekana hakifagiliwi. Mistari hurundikana humo miaka na miaka, na mwenyewe hukumbuka kulitazama siku kitu kinapoharibika.

Joy alifanya kazi kwenye terminali ya ADM-3A. Kibodi yake ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya herufi h, j, k na l, na kitufe cha Esc, cha kutoka kwenye uandishi na kurudi kwenye amri, kilikaa mahali ambapo leo kipo cha Tab, yaani jirani na kidole. Kwa hiyo Esc kutumika kila baada ya sentensi haikuwa taabu. Kibodi zetu zimekipeleka pembeni kabisa juu, na mkono inabidi usafiri kukifuata. Ndiyo sababu katika mafaili ya watu wengi utakuta mstari huu:

`inoremap jk <Esc>`

Maana yake ni kwamba unapokuwa unaandika, ukibonyeza j kisha k kwa haraka, Vim ihesabu umebonyeza Esc. Kwa mwandishi wa Kiswahili ni chaguo zuri kuliko hata kwa wengine, kwa kuwa hakuna neno letu linalofuatanisha j na k. Vifupisho kama JKT na JKIA vipo, lakini ni vya herufi kubwa, na Vim hapa hutofautisha kubwa na ndogo. Huu naukubali kuwa mstari wenye mwenyewe: una sababu inayojulikana, unatibu shida halisi ya mikono yake, na anaweza kuueleza kwa pumzi moja.

Sasa linganisha na mstari mwingine unaozunguka kutoka faili hadi faili: `set shortmess+=I`. Huelezwa kwa ufupi kuwa "unaondoa maneno ya mwanzo". Maneno hayo ni yapi? Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa Vim mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta za Amiga, alikwenda Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akafanya kazi huko mwaka mmoja, 1994, kama mhandisi wa maji na usafi wa mazingira katika kituo cha watoto. Eneo hilo lilikuwa limeumizwa vibaya na UKIMWI, na yatima walikuwa wengi. Programu yake aliitoa bure, akiomba tu kwamba anayeipenda achangie watoto wale. Ukifungua Vim bila kutaja faili, mara nyingi skrini inakuomba uwasaidie watoto wa Uganda, na ukiandika `:help uganda` unapata habari kamili. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Mtu anayeuweka mstari ule huku anajua anachokizima, ni hiari yake. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi, wakiwemo vijana wa Kampala, Mwanza na Nairobi, wameunakili ndani ya mistari mia mbili ya mtu mwingine, hawakuwahi kuliona lile ombi, na hawajui kwamba kihariri wanachokitumia kutwa kina uhusiano wowote na Afrika Mashariki.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kunakili mipangilio kwenyewe si kosa. Sote tulianzia hapo. Shida huanza pale mistari inapoingia bila sababu zake. Chukua mtu aliyesikia kwamba ni vizuri kubadilishana kazi za vitufe viwili, nukta-mkato na nukta pacha, ili asibonyeze Shift kila anapotaka kuandika amri. Anaandika `nmap ; :` na chini yake `nmap : ;`. Kwa macho, mistari imekaa sawa. Akibonyeza kitufe, Vim inageuza cha kwanza kuwa cha pili, kisha cha pili kuwa cha kwanza, inazunguka hivyo hadi ichoke, halafu inatoa kosa la E223. Alichokosa ni herufi chache tu: `nnoremap` badala ya `nmap`, yaani "geuza mara moja, usigeuze tena". Aliyefundishwa sababu atalijua kosa hilo kwa kulitazama. Aliyenakili atafuta mistari yote miwili na kuamini kwamba kompyuta yake ina kasoro.

Hata mpangilio wa mistari una maana, na hili huwachanganya waliozoea kuamini kwamba mipangilio ni orodha tu. Mtu huweka `let mapleader = " "` mwishoni mwa faili, akitarajia njia zake zote za mkato zianze kwa kitufe cha nafasi. Hazianzi hivyo. Vim iliusoma kila mstari wa njia ya mkato ulipofikiwa, na wakati huo kitufe kiongozi kilikuwa bado ni kile cha awali. Faili hili husomwa kutoka juu kwenda chini, kama barua.

Kuna utata mwingine ambao nauona mzito kuliko makosa ya kuandika, nao ni wa mipaka. Katika kazi ya mtu mmoja mna mipangilio ya wenyewe watatu: ya mtu, ya mradi na ya mashine. Rangi, ukubwa wa herufi na njia za mkato ni vya mtu. Idadi ya nafasi zinazoanzia mstari wa msimbo, usimbaji wa herufi na namna mstari unavyomalizika ni vya mradi, kwa sababu wenzako wote watayasoma maandishi hayo. Mahali programu fulani ilipofungwa ni habari ya mashine. Ukiviweka vyote kwenye kapu moja, mmoja atamkanyaga mwenzake.

Mfano wake mzuri ni Tab. Mtu anapenda kitufe cha Tab kimwandikie nafasi za kawaida, basi anaweka `set expandtab`. Hapo hajakosea. Akiona kwamba mafaili mengine hayafuati amri yake, anakasirika na kuandika `autocmd BufEnter * set expandtab`, yaani kila faili, kila linapoguswa, lifuate. Jioni yake anahariri Makefile. Programu ya make, iliyotengenezwa na Stuart Feldman huko Bell Labs mwaka 1976, inadai kila mstari wa amri uanze na alama ya Tab halisi, na nafasi za kawaida haizikubali. Kazi inagoma kwa ujumbe wa "missing separator", huku machoni pake mistari imepangana vizuri kabisa. Vim ilikuwa inalijua sharti hilo tangu mwanzo: mipangilio yake ya mafaili ya make huzima `expandtab` yenyewe. Yeye ndiye aliyeizidi nguvu. Amri ya kumwonyesha mkosaji ipo, na kwa maoni yangu ndiyo amri yenye thamani kuliko zote katika suala hili: `:verbose set expandtab?`. Inakujibu hali ya sasa ya mpangilio, kisha inakutajia faili lililoubadilisha mara ya mwisho, na katika matoleo ya karibuni inakupa hadi namba ya mstari.

Kwa vitu vya mradi, njia safi ni faili la `.editorconfig` linalokaa ndani ya folda ya mradi wenyewe. Humo huandikwa `indent_style`, `indent_size`, `charset`, `end_of_line`, na vihariri vingi hulielewa, vingine moja kwa moja na vingine kwa kuongezewa programu-jalizi. Visual Studio Code nayo imetenga ngazi mbili, `settings.json` ya mtumiaji na nyingine ndani ya folda ya `.vscode`, na ile ya mradi ndiyo inayoshinda zikigongana. Ugomvi mwingi wa ofisini kuhusu nafasi na Tab, ule unaofanya mabadiliko ya mistari miwili yaonekane ni ya mistari mia nne, ungekwisha kwa faili moja dogo kama hilo na dakika kumi za kukubaliana.

Mpaka wa lugha unatuhusu sisi zaidi. Ukiwasha `set spell` kwenye Vim, lugha inayokaguliwa bila kutaja ni Kiingereza, na makala ya Kiswahili itapigwa mstari mwekundu kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Wengi hujitetea kwa `zg`, amri inayoliingiza neno kwenye orodha ya maneno yanayokubalika. Mwanzoni inaleta faraja. Lakini kitenzi chetu hubeba nafsi na nyakati kichwani: ukikubali "ninasoma", bado "tunasoma", "walisoma", "hawakusoma" na "ungesoma" vinakusubiri. Kazi hiyo haina mwisho. Na lililo baya zaidi ni mahali maneno hayo yanapokwenda: huandikwa kwenye `en.utf-8.add`, orodha ya Kiingereza. Siku utakapoandika ripoti ya Kiingereza na "karma" ikakuponyoka ikawa "kama", mkaguzi atanyamaza, kwa kuwa ulishamwambia ni neno halali. Mimi nimeitenga folda ya makala:

`augroup makala`
`autocmd!`
`autocmd BufRead,BufNewFile ~/makala/* setlocal nospell linebreak`
`augroup END`

Neno `setlocal` ndilo linalolinda mpaka: linagusa faili hilo tu na kuyaacha mengine. `linebreak` huzuia neno refu kukatwa katikati ukingoni mwa skrini, na maneno marefu Kiswahili kinayo. Ule mstari mfupi wa `autocmd!` unaonekana kama pambo, ila usiuondoe. Bila huo, kila ukilisoma upya faili la mipangilio bila kufunga Vim, amri ileile inaongezwa juu ya nyingine. Kwa mpangilio kama huu hutahisi kitu, lakini kama amri yako hufanya kazi nzito kila unapohifadhi, kufikia jioni itakuwa inafanyika mara kumi na mbili.

Kuna vihariri ambavyo vyenyewe huandika ndani ya faili lako. Emacs ya GNU, iliyoanza kutolewa 1985, ina ukurasa wa kubadilishia mipangilio kwa kubofya, na matokeo yake huyaandika ndani ya `init.el`, katika fungu ambalo linakuonya kwamba ukilishika kwa mkono unaweza kuliharibu. Hapo faili moja lina waandishi wawili wasioonana. Ushauri wangu ni wa kukata: elekeza `custom-file` kwenye faili la pembeni, ili la kwako libaki na maneno yako. Visual Studio Code imelipunguza tatizo hilo kwa namna ninayoipenda: ukibadilisha kitu kwa kubofya, ndani ya `settings.json` huandikwa kile tu kinachotofautiana na chaguo-msingi. Ukilifungua unajiona mwenyewe, bila maelfu ya mistari ya watengenezaji.

Upande wa usalama hautajwi vya kutosha. Faili la mipangilio ni programu. Linaweza kuamuru lolote ambalo wewe unaruhusiwa kufanya kwenye kompyuta hiyo. Vim ina kipengele kinachoruhusu faili lolote libebe mipangilio yake katika mistari mitano ya mwanzo au ya mwisho. Mwaka 2019 iligunduliwa hitilafu, iliyopewa namba CVE-2019-12735, ambapo faili la maandishi lililoandaliwa kwa hila liliweza kutekeleza amri kwenye kompyuta ya mtu kwa kufunguliwa tu. Ilizibwa katika toleo la 8.1.1365. Tangu hapo sijaona sababu ya kuliacha wazi dirisha hilo, na `set nomodeline` imo katika mistari yangu ya kwanza. Hofu hiyohiyo ndiyo iliyofanya Visual Studio Code, tangu 2021, ikuulize kama unawaamini waliotengeneza mradi kabla ya kuiachia mipangilio yao nguvu kamili.

Wanaofanya kazi kwenye mashine kadhaa hulihifadhi faili ndani ya Git na kuliunganisha kwa kiungo, `ln -s ~/mipangilio/vimrc ~/.vimrc`. Ni utaratibu mzuri: kila badiliko lina tarehe, na ujumbe wake unaweza kueleza sababu. Ila kagua kabla ya kuliweka hadharani. Funguo za huduma za mtandaoni na majina ya seva za ofisini huingia humo polepole, na ukishazipandisha, kuzifuta kwenye toleo la leo hakuzifuti kwenye matoleo ya jana. Nywila iliyotoka inabadilishwa. Hakuna njia nyingine.

Na likiharibika? Anza na `vim --clean`, inayoliruka faili lako. Shida ikitoweka, mkosaji ni wewe au ni programu-jalizi yako. Kisha andika neno `finish` katikati ya faili. Vim itaishia hapo kusoma. Shida ikibaki, imo nusu ya juu; ikiondoka, imo nusu ya chini. Sogeza neno hilo, gawa tena. Ikiwa mkosaji ni mstari mmoja kati ya 64, majaribio sita yanatosha.

Nawaheshimu wanaosema heri kuishi na chaguo-msingi. Anayeingia kwenye seva thelathini kwa siku, nyingi zikiwa si zake, akizoesha vidole njia za mkato alizojitungia atakwama kila anapokuwa ugenini, na kwenye seva ya malipo saa nane za usiku kukwama si jambo dogo. Kwake, mistari mitano ni mingi. Lakini anayeandika saa nane kwa siku kwenye mashine yake mwenyewe hana sababu ya kuvumilia kitufe kilichohamishwa tangu enzi za ADM-3A. Tofauti kati ya hawa wawili ni ya kazi. Haina uhusiano na nani ni hodari. Ninachokikataa ni faili la mistari mia nane ambalo mwenyewe hawezi kueleza hata thelathini. Hilo si la kwake, na siku litakapomgomea hatakuwa na pa kuanzia.

Fungua lako leo. Shuka nalo mstari kwa mstari, na ule wa kwanza usioujua kazi yake usiufute: uwekee alama ya nukuu `"` mbele, Vim itauruka kama maelezo, na pembeni yake andika tarehe ya leo. Fanya kazi zako wiki mbili. Kama hukuuhitaji, uondoe. Kama uliuhitaji, sasa unajua kwa nini, basi iandike sababu hiyo juu yake kwa Kiswahili.